Kilichokuwa Nyuma ya Mlango wa Mzee Aikaeli

Nilimwona kwa macho yangu mawili mhandisi mkuu wa kampuni yetu amepiga magoti mbele ya kompyuta, kiganja amekiweka juu yake, anaiombea kwa Kimachame kama unavyomwombea mtoto mwenye homa.

Asubuhi kweupe. Na mimi pombe sinywi.

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mimi mwenyewe siku ile nilishindwa.

Naitwa Sabina. Kwetu ni Daa, wilaya ya Karatu, Muiraqw niliyekulia kwenye mbaazi na ngano. Haya yalinitokea mwaka 2006, lami ya kwenda getini Ngorongoro ikiwa bado mpya na Karatu imejaa Land Cruiser kuliko baiskeli.

Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi kwa kaka Patrisi. Alikuwa na kaduka ka kompyuta karibu na stendi, chumba kimoja, mashine za kuokoteza, panya wanatafuna nyaya kama karanga.

Pale nilifanya kila kitu. Kompyuta imekufa, naifungua. Masista wa zahanati wanataka programu ya kutunza habari za wagonjwa, naiandika. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wanataka kujua stoo ina magunia mangapi, naandika nyingine. Nisipojua, nabahatisha. Nikikosea, Patrisi anacheka halafu tunarudia wote wawili.

Siku moja akanijia Judith, afisa utumishi wa kampuni moja kubwa ya nje. Wenyewe walikuwa na matawi nchi kibao, wanatengeneza mfumo wa buking kwa ajili ya mahoteli ya kitalii. Hoteli zote kubwa za kule juu kwenye ukingo wa kreta zilikuwa zinatumia mfumo wao, na mtambo ulikuwa hapa hapa Karatu, kwenye jengo lenye dishi kubwa juu ya bati.

"Sabina mdogo wangu, unapoteza kipaji kwenye hicho kibanda," Judith aliniambia. "Njoo kwetu. Utajifunza vitu ambavyo Karatu nzima hakuna anayevijua."

Nikamwambia Patrisi. Yeye siku hizo alikuwa ameshaniomba tuwe washirika, duka liwe letu sote.

Akafuta kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nenda," akasema. "Kiti chako nitakiacha kwa muda. Lakini dada, siwezi kukilinda milele."

Nikaenda. Kiherehere cha kujifunza kilinipeleka mbio.

Siku ya kwanza nikapewa meza, kompyuta mpya ambayo bado inanukia, na kazi. Unajua nilipewa kazi gani?

Vitanda.

Mgeni akibuki chumba, kuna mahali pa kuchagua kitanda. Cha mtu mmoja, cha wawili, viwili vya pembeni. Ile sehemu ndiyo ilikuwa yangu. Hiyo tu. Sehemu nyingine zote za mfumo zilikuwa zimefungwa, huwezi hata kuzichungulia.

Jirani yangu Joel, kijana wa Rombo aliyekulia Arusha, mjanja wa mdomo, yeye alipewa nchi anakotoka mgeni. Orodha ya nchi za dunia. Mwaka ule nchi moja kule Ulaya ikagawanyika zikawa mbili. Joel akashangilia utadhani amepata mtoto wa kiume.

"Sabi, nina kazi wiki nzima!" akaniambia. "Wewe endelea na magodoro yako."

Nikawa navumilia. Nikajiambia, mwanzo mgumu.

Sasa, mwisho wa korido kulikuwa na mlango wa chuma wenye kufuli mbili. Ndani ndiko ulikokuwa mtambo wenyewe, moyo wa mfumo. Na mwenye funguo alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Aikaeli, mhandisi mkuu. Mmachame, mzee wa kanisa, nywele nyeupe, suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata.

Ofisi nzima tulikuwa vijana. Akipita, tunasimama.

"Shikamoo Mzee!"

"Marahaba, wanangu."

Kila swali likitushinda, jibu lilikuwa moja, muulize Mzee. Ukimuuliza, anakutazama kwa upole, anakohoa, anasema, "Hilo ni jambo zito, mwanangu. Tulitazame kesho."

Kesho haikuwahi kufika.

Nikaandika maombi ya kwenda kwenye mafunzo Nairobi. Yakapita kwake. Yakakataliwa. Nikaandika tena. Yakakataliwa. Nikamtumia ujumbe mzungu wa makao makuu nikimwomba anieleze mfumo unavyofanya kazi. Akajibu haraka, kwa adabu kabisa, kwamba nimuulize mtaalamu wetu wa Karatu.

Hapo nikaanza kunusa kitu.

Kila Ijumaa Mzee alikuwa anaingia mle ndani na mfuko mweusi. Ndani ya mfuko kuna chupa za maji. Anajifungia. Akitoka, chupa ni tupu.

Maji ya nini kwenye chumba cha kompyuta? Hata mtoto anajua maji na umeme havikai pamoja.

"Mazindiko hayo," Joel alininong'oneza. "Unadhani kampuni inapataje hela zote hizi?"

"Wewe si juzi ulikuwa mle ndani? Nilikuona unatoka, mikono ina vumbi."

Joel akanyoosha kola. "Kuna vitu siwezi kukuambia, dada."

Weee! Roho ikaniuma. Kumbe anafundishwa! Mimi nabaki na vitanda, mwenzangu anapelekwa jikoni. Nikaanza kuhesabu nani anatoka wapi. Mzee Mchaga, Joel Mchaga, Judith Mchaga. Nikajiambia, Sabina, hapa wewe ni wa kusukuma mkokoteni tu.

Nikampelekea Patrisi kilio changu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, yule ni Mmachame! Hata mkewe hajui ana ng'ombe wangapi. Ndiyo akupe siri ya mtambo?"

Utani wa kawaida, lakini mimi niliumeza mzima mzima.

Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi. Joel akinywa chai na Judith, nasogea. Mzee akimwita mtu, natega sikio. Baadaye nilikuja kujua kwamba Joel naye alikuwa ananipeleleza mimi, kwa sababu aliona Judith ananipa lifti. Ofisi nzima tulikuwa tunaangaliana kwa pembeni kama watu waliopoteza kuku mmoja.

Kilichonivunja kabisa kilitokea kwa masista.

Sista Scholastika wa zahanati alinipigia simu. Ile programu niliyowaandikia imegoma, mwanangu njoo. Jumamosi nikaenda, nikijiamini, si kazi ya mikono yangu mwenyewe?

Nikaifungua.

Sikuielewa.

Nakuapia. Maandishi yangu mwenyewe, niliyoyaandika kwa kichwa changu, nikawa nayatazama kama barua ya mgeni. Nikajaribu hapa, nikajaribu pale. Sista amesimama pembeni na kikombe cha chai, ananisubiri kwa imani yote.

"Sista, nipe muda kidogo," nikasema.

Nilitoka pale nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikalia. Nilikwenda kwenye kampuni kubwa ili nijue zaidi, na hata kile kidogo nilichokuwa nacho kilikuwa kinaniishia.

Na mkataba wangu ulikuwa unaisha. Judith alikuwa ameshaniwekea mpya mezani, miaka mitatu mingine, nisaini kabla mwezi wa nane haujaisha. Patrisi naye alinitumia ujumbe kwamba kuna mtu anakiulizia kile kiti, nimwambie moja.

Kwa hiyo swali lilikuwa hili. Mle ndani kuna elimu ninayofichwa, au hakuna? Kama ipo, nasaini, napambana mpaka mlango ufunguke. Kama haipo, miaka mitatu mingine ya vitanda ingenimaliza kabisa.

Ilibidi nijue.

Mungu naye ana namna yake. Wiki hiyo hiyo mfumo ukafa.

Msimu wa wageni, mwezi wa nane, baridi ya Karatu inauma mifupa. Simu zikaanza kulia. Kule juu kwenye ukingo wa kreta ukungu umetanda, wageni wamejaa mapokezi na mabegi yao, na hakuna hoteli inayojua nani analala wapi. Madereva-gaidi, wale wa kutembeza watalii, wanatutukana kwenye redio kwa lugha zote. Mmoja alimpigia Judith akamwambia, "Dada, nina Wajerumani kumi hapa wananitazama kama mimi ndiye niliyevila vyumba vyao!"

Mzee Aikaeli akasimama. Akavaa koti. Akaenda mwisho wa korido, akafungua kufuli mbili, akaingia, akajifungia.

Ofisi nzima ikashusha pumzi. Mzee ameingia.

Mimi nikatoka nje kama naenda chooni.

Nyuma ya jengo kulikuwa na kidirisha cha hewa, juu, cha nondo. Nikachukua kreti la soda, nikaligeuza, nikapanda.

Ndipo nikaona nilichowaambia pale mwanzo. Magoti chini. Kiganja juu ya mashine. Midomo inacheza.

Alipomaliza, akasema amina. Akanyoosha kidole, akaizima mashine. Akasubiri kidogo, macho ameyafumba. Akaiwasha tena.

Taa zikawaka za kijani. Kule ofisini nikasikia watu wanapiga makofi.

Nikasubiri afanye kitu kingine. Afungue faili, aandike, achokonoe. Hakufanya. Alijifuta jasho kwa leso, kwenye baridi ile.

Kuzima na kuwasha. Mtaalamu wa Karatu nzima. Kuzima na kuwasha!

Kreti likateleza kidogo, nikashika nondo, akageuka. Tukatazamana.

Nikajua kazi imeisha. Nikashuka, nikawa nawaza namna ya kumwambia mama kule Daa.

Mlango mdogo wa nyuma wa kile chumba ukafunguka.

"Sabina. Ingia, mwanangu."

Nikaingia. Kwa mara ya kwanza. Nikaangaza macho kila kona. Upande mmoja mashine, upande wa pili safu ya betri kubwa za kuhifadhi umeme, na chini yake zile chupa. Maji ya betri.

"Joel alinisaidia kubeba hizi," Mzee akasema alipoona natazama. "Nilimwomba asiseme. Mgongo wangu umechoka, sikutaka watu wajue."

Kumbe hiyo ndiyo siri Joel aliyokuwa ananinyooshea kola.

"Mzee, shikamoo," nikasema. Sikujua niseme nini kingine.

Akacheka kwa uchungu. "Hiyo hiyo shikamoo yenu ndiyo iliyoniponza."

Akakaa kwenye boksi la betri, akanieleza.

Alikuja pale mwaka 1998 kama fundi umeme. Kazi yake ilikuwa jenereta na betri, basi. Wale waliouandika mfumo walikuwa kampuni nyingine, ndogo. Kampuni kubwa ikainunua, wale vijana wakalipwa wakatawanyika. Likaletwa kundi jipya, watoto watupu, kila mmoja kapewa kipande chake. Mtu mzima akawa yeye peke yake.

"Mkawa mnanisalimia kwa heshima. Mnaniletea maswali. Nikawaambia mimi sijui, mimi ni mtu wa betri. Mnajua mlifanya nini? Mlicheka. Mkasema, Mzee bwana, ana unyenyekevu!"

Nikaegemea ukuta.

"Kila barua iliyokwenda Ulaya mliandika, tutamuuliza Mzee. Wazungu wakasoma Mzee, Mzee, Mzee. Siku moja nikaletewa barua ya pongezi, nimekuwa mhandisi mkuu. Nilikuwa na watoto shuleni, Sabina. Nikanyamaza."

"Lakini makao makuu si wanajua? Si uwaulize wao?"

"Huwa nawapigia. Unajua wananijibu nini? Wananiambia, sisi tunakutegemea wewe."

Kule wanadhani elimu iko Karatu. Karatu tunadhani iko nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango kuna mzee na betri. Wote tunalinda ghala, na ghala halina hata punje.

Halafu hasira ikanipanda.

"Na mafunzo yangu ya Nairobi? Kwa nini ulinikatalia?"

Akainamisha kichwa. "Ungerudi umejua. Ungeniuliza swali moja tu mbele ya watu, ningeumbuka."

"Mzee, umeniozesha akili! Nilishindwa kusoma kazi ya mikono yangu mwenyewe mbele ya Sista!"

Nilitoka bila kumuaga. Kwetu hiyo ni dhambi, lakini siku ile ilinitoka.

Sasa sikilizeni kioja. Jioni ile nikamvuta Joel pembeni nikamwambia kila kitu. Mle ndani hakuna kitu, chalii wangu. Mzee hajui. Hakuna anayejua.

Joel akanisikiliza, jicho moja amelifinya.

"Sabi, unanizuga."

"Nakuapia!"

"Unajua Mzee anastaafu. Unautaka mlango wewe, unataka kunitisha nisiombe. Mimi siyo wa kuja."

Akaondoka akijichekea.

Na kweli, Mzee aliacha kazi wiki ile, ghafla, bila hata sherehe ya kuagwa. Judith akaniita. Akaniambia Mzee kabla ya kuondoka alinipendekeza mimi nichukue nafasi. Funguo zikawa mezani, kando ya mkataba.

Nisiwadanganye, niliziangalia zile funguo. Mshahara ulikuwa mzuri na cheo kikubwa. Pale mlangoni wakati naingia, kijana mmoja mgeni, aliyesikia habari, alikuwa ameshaniamkia. Mimi, niliyekuwa bado nasukwa na mama yangu!

Nikaona miaka inavyokuja. Swali litakuja, nitakohoa, nitasema jambo zito, tulitazame kesho.

Nikarudisha kalamu.

"Dada Judith, asante. Siwezi."

"Una wazimu?" Judith alisema. "Umepata kazi wapi?"

Mwenyewe sikuwa na uhakika.

Nikateremka mpaka stendi, karibu nakimbia, mavumbi mekundu mpaka magotini. Nikafika kwa Patrisi nikahema mlangoni.

Kiti changu kilikuwa na mtu.

Suti ya kaki. Nywele nyeupe. Mzee Aikaeli, miwani imeshuka puani, ana bisibisi mkononi, mbele yake printa imefunguliwa matumbo nje.

Damu ikanichemka. Hata hapa! Amenifungia mlango kule, na huku amenitangulia!

"Patrisi, huyu ndiye mtu aliyekuwa anaulizia kiti?"

"Hapana, yule nilimkataa," Patrisi akasema. "Huyu amekuja leo asubuhi. Hataki kazi. Anataka kufundishwa. Nikamwambia mwalimu wa programu ni Sabina, yuko kwenye kampuni kubwa. Akasema, atakuja tu."

Mzee akasimama haraka, akanipisha kiti. Mzee wa kanisa, ananipisha mimi.

"Nimebeba jina la mhandisi miaka yote hii," akasema polepole. "Nataka nilijue kabla sijafa. Kama huniwezi, niambie, nitaondoka."

Nilitaka kumfukuza. Kabisa. Maneno yalikuwa mdomoni.

Lakini nikaitazama ile printa. Sikuwa nimewahi kuona aina ile. "Hiki ni nini, mwanangu?" akaniuliza, akionyesha kigurudumu fulani.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Hebu tukitoe tuone."

Tukakitoa. Tukaivunja kabisa ile printa, nawaambia ukweli, haikupona. Patrisi alicheka kama zamani. Wiki iliyofuata nikaenda na Mzee kwa Sista Scholastika, tukakaa na ile programu mpaka ikatii. Nilikuwa nimerudi.

Joel ndiye aliyepewa mlango.

Miezi ikapita. Siku moja akatokea dukani, mchana wa soko, suti mpya, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinisalimia juu juu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee.

"Shikamoo Mzee. Mashine imegoma tangu juzi. Nimezima, nimewasha, wapi. Nionyeshe tu lile jambo lenyewe. Lile ulilokuwa unafanya."

Mzee akaweka bisibisi chini. Akamshika mikono yote miwili.

"Joel mwanangu, sikiliza. Nilikuwa sijui. Sikuwahi kujua. Keti hapa, tufungue tujifunze wote, Sabina atatuongoza."

Joel akamtazama. Akatabasamu taratibu, kichwa anakitikisa.

"Mzee bwana," akasema, "kwa unyenyekevu hujambo!"

Akageuka kuondoka. Alipofika mlangoni akanivuta mkono, akaninong'oneza sikioni.

"Wewe anakufundisha, eeh? Mbane vizuri. Huyu mzee bado anatuficha."

Nilimtazama akiingia kwenye gari la kampuni, akaifuata barabara ya kurudi kwenye mlango wake.

Vijana mnaotafuta kazi kwenye makampuni makubwa, mimi sikatazi mtu, nendeni. Ila siku ya kwanza ukifika, usiulize mshahara wala usishangae kompyuta mpya. Tafuta mkubwa wao, muulize jambo gumu, halafu sikiliza kama anaweza kukuambia "sijui" mbele za watu. Kama hawezi, mwanangu, chukua mkoba wako mapema, maana hapo hutafundishwa kitu.

Na wewe ukiambiwa "sijui" na mtu mzima, tafadhali, mwamini.